Battlestar Galactica: pale hadithi inapopasuka, ndipo raia waliposahauliwa

Vijana wengi wa Kivu na Ituri wanatazama filamu za mfululizo kwenye simu. Wanapitishiana kwa flashi na kadi memori, mara nyingi zikiwa zimetiwa sauti ya Kifaransa. Kati ya zile zinazozunguka, kuna moja ya miaka iliyopita ambayo familia za wahami zingeifahamu kuliko watu wengine wote: Battlestar Galactica. Ilianza Desemba 2003 kama filamu ya sehemu mbili, ikaendelea kama mfululizo, na ikaisha tarehe 20 Machi 2009. Mwenye kuisimamia alikuwa Ronald D. Moore, pamoja na David Eick, wakichukua upya hadithi ambayo Glen A. Larson aliitoa mwaka 1978.

Kwa jina, ni filamu ya sayansi ya kubuni, yenye meli za anga na mashine zenye umbo la watu. Kwa kweli, ni hadithi ya watu karibu 50,000 waliofukuzwa makwao kwa siku moja, wakabaki miaka wakihama bila kujua watalala wapi kesho. Hapo ndipo inamgusa mtu aliyepanda pikipiki usiku na godoro kichwani.

Filamu hiyo inasifiwa sana, na sifa nyingi ni za haki. Inalaumiwa pia juu ya mambo yasiyopatana: kitu kinasemwa leo, kesho kinasahauliwa. Wapenzi wake wanasema hayo ni makosa ya waandishi tu, yasiharibu utamu. Lakini ukiyapanga makosa hayo moja moja, unaona yana mtindo. Hadithi inapasuka mara nyingi mahali pamoja: pale raia wa kawaida, asiye komanda wala rais, alipopaswa kuulizwa na hakuulizwa.

Kwa asiyeijua, habari ni hii. Watu wa makoloni kumi na mawili walitengeneza mashine za kuwatumikia, zinazoitwa Cylon. Mashine ziliasi, vita ikapigwa, amani ikakaa miaka 40. Kisha Cylon wakarudi wakiwa na sura ya binadamu, wakaangusha mabomu ya nyuklia. Waliobaki ni wale waliokuwa ndani ya meli angani siku hiyo. Laura Roslin, aliyekuwa waziri wa elimu, anaapishwa kuwa rais kwa sababu wakubwa wote mbele yake wamekufa. Meli ya vita moja tu, Galactica ya komanda Adama, inalinda msafara.

Tuanze na mazuri. Roslin anaweka ubao mweupe ofisini mwake, na juu yake anaandika hesabu ya walio hai. Kila anayekufa, namba inashuka. Katika kipindi kinachoitwa "33", maadui wanatokea kila baada ya dakika 33, kwa siku tano, na hakuna anayelala. Meli moja ya abiria, Olympic Carrier, inachelewa nyuma, kisha inarudi ikishukiwa kwamba adui ameitumia kuwafuata. Inasemekana ina watu 1,345. Rais anatoa amri, meli inapigwa na marubani wa upande wake mwenyewe. Mwishoni mwa kipindi mtoto anazaliwa, na Roslin anaongeza moja kwenye ubao.

Aliyewahi kusimama kwenye mstari wa kuandikwa, akingoja jetoni na shitingi, anaelewa ubao huo bila kufafanuliwa. Kuhesabiwa ni kukubaliwa kwamba upo. Familia iliyokosa kwenye orodha inakosa unga, na inakosa pia ushuhuda kwamba iliwahi kufika. Filamu chache zimeonyesha jambo hilo namna hiyo, bila hotuba ndefu.

Juu ya mambo kama hayo, ONU yenyewe iliwaita watengenezaji. Tarehe 17 Machi 2009, siku tatu kabla ya kipindi cha mwisho, Moore, Eick, na waigizaji Edward James Olmos na Mary McDonnell walikaa ndani ya jumba la Umoja wa Mataifa kule New York, kuzungumza juu ya haki za binadamu, ugaidi na watoto katika vita. Mezani, vibao vya majina ya inchi vilibadilishwa, vikawekwa majina ya makoloni ya filamu. Pamoja nao alikuwapo Radhika Coomaraswamy, aliyekuwa mjumbe wa Katibu Mkuu kuhusu watoto na vita. Kwa Wakongomani, kazi yake haikuwa ya kubuni. Tarehe 26 Januari mwaka huo huo, kesi ya Thomas Lubanga ilikuwa imefunguliwa La Haye, juu ya watoto waliotiwa jeshini Ituri miaka ya 2002 na 2003. Kwa hiyo hadithi hiyo na mashariki ya Congo vilikuwa vimekutana chumba kimoja, hata kama wachache walijua.

Sasa mapasuko.

La kwanza linajulikana na kila mtazamaji. Katika utangulizi wa vipindi, maneno kwenye skrini yalitangaza kwamba Cylon wana mpango. Miaka ikapita, mpango hauonekani. Baadaye watengenezaji wenyewe walikiri kwamba maneno hayo yaliwekwa kwa kuvutia watu, bila mpango wowote kuandikwa. Mwaka 2009 ikabidi itengenezwe filamu nzima, iliyoitwa The Plan, kujaribu kujibu. Mtu anaweza kucheka. Lakini wahami wanajua uzito wa neno hilo. Wanaambiwa kuna mpango wa kuwarudisha vijijini, mpango wa usalama, mpango wa awamu ya tatu. Wanapanga maisha juu ya neno hilo: kama watalima au hawatalima, kama mtoto ataandikishwa shule huku au atangoja. Kusema kuna mpango wakati haupo ni kukopa subira ya watu bila nia ya kulipa.

La pili ni habari ya kazi. Katika kipindi "Dirty Hands" cha mwaka 2007, tunaonyeshwa meli inayosafisha mafuta ya msafara. Wafanyakazi wamechoka, mashine ni mbovu, watoto wanafanya kazi ya wakubwa, na kazi imekuwa ya kurithi: baba mchimbaji, mtoto mchimbaji. Fundi Tyrol anaongoza mgomo. Adama anatisha kumpiga risasi Cally, mke wa Tyrol, kama mgomo hautasimama. Halafu Tyrol anaketi na rais, wanapatana: watu wa meli nyingine nao watapelekwa kufanya kazi ngumu kwa zamu.

Ni kipindi chenye ukweli mwingi. Anayeishi karibu na machimbo, ambako mtoto anabeba mfuko wa mchanga badala ya mfuko wa daftari, atakiona ni habari ya jana. Lakini baada ya hapo, ile zamu karibu haisikiki tena. Nani alienda kusafisha mafuta? Watoto wale walitoka? Chama cha wafanyakazi kilifanya nini? Tatizo liliwekwa mezani, likamalizwa kwa kupeana mikono, na wiki iliyofuata likawa kama halijawahi kuwapo. Hivyo ndivyo ilivyo hata nje ya filamu: mapatano yanapigwa picha, na hakuna anayerudi kuona kama yametekelezwa.

La tatu ni kipindi "The Woman King", cha mwaka 2007 pia. Ndani ya Galactica kuna kambi ya wahami ambayo wanajeshi wanaiita kwa jina la dharau, kama kibanda cha mbwa. Ugonjwa unaingia. Watu wa koloni moja, Sagittaron, wanadharauliwa na wengine kwa sababu ya imani yao juu ya dawa. Mganga mmoja anawaua kimya kimya, na ofisa Helo anapoanza kusema, hakuna anayetaka kumsikia. Mwishoni anaonekana kuwa alisema kweli.

Habari hiyo ilikusudiwa kuwa ndefu. Watengenezaji walikuwa wamepanga kisa kikubwa zaidi juu ya Sagittaron, kisha wakakiacha, na kipindi kikabaki peke yake bila mzizi. Mtazamaji anaona chuki ya kabila moja ikitokea ghafla na kupotea ghafla. Chuki ya kabila haiendi hivyo. Inaota polepole, kwa utani na kwa jina baya, na haiondoki kwa sababu muuaji mmoja amekamatwa. Waliojeruhiwa na filamu hapo ni wale wale Sagittaron: walihitajika kwa dakika arobaini za huzuni, kisha wakaondolewa.

La nne ni zito zaidi, na linahitaji kusemwa kwa uangalifu. Mwanzo wa msimu wa tatu, mwaka 2006, msafara umejenga mji kwenye sayari baridi inayoitwa New Caprica. Cylon wanafika, wanautawala. Baadhi ya wakaaji wanajiunga na polisi iliyoundwa na mtawala mpya. Wengine wanaweka mabomu. Wengine wanatafuta tu namna ya kula. Wakati huo Marekani ilikuwa inakalia Irak, na kila mtu aliyeitazama alielewa: filamu ya Wamarekani iliwaweka watazamaji wake upande wa wanaotawaliwa na jeshi la kigeni. Ilikuwa ujasiri.

Baada ya kuokoka, kundi la watu sita linahukumu kwa siri wale wanaosemwa walishirikiana na adui, na kuwatupa nje angani. Felix Gaeta, aliyekuwa akifanya kazi ofisini kwa mtawala huku akipitisha habari kwa waasi, anakoswakoswa kuuawa kwa sababu hakuna aliyemuuliza mapema. Roslin anasimama na kutangaza msamaha kwa wote.

Na hapa hadithi inajipinga: baadaye Gaius Baltar, aliyekuwa rais wakati wa utawala huo, anashtakiwa. Msamaha ulikuwa kwa wote, isipokuwa mmoja. Lee, mtoto wa Adama, analisema jambo hilo mbele ya tribinali: tumesamehe kila mtu, hata sisi wenyewe kwa makosa makubwa, lakini tunamtafuta mmoja wa kubeba aibu ya wote. Kwa mara hii waandishi waliliona tundu lao, wakalifanya kuwa sehemu ya hadithi. Ni moja ya nyakati bora za mfululizo.

Hata hivyo tundu la chini yake halikuzibwa. Msamaha ulitolewa, lakini ukweli haukusemwa hadharani. Familia za waliouawa kwa siri hazikupewa nafasi. Gaeta alibaki na uchungu wake, akatoa ushahidi wa uongo tribinalini, na mwaka 2009 akaongoza maasi pamoja na Tom Zarek. Wote wawili walipigwa risasi. Filamu inaonyesha Gaeta kama mtu aliyepotoka. Ingekuwa sahihi zaidi kumwonyesha kama deni ambalo halikulipwa.

Congo inayajua mambo haya kwa majina yake halisi. Sheria ya msamaha ilitolewa Mei 2009 kwa vitendo vya vita na uasi katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, na nyingine ikatolewa Februari 2014. Zote mbili kwenye karatasi ziliacha nje uhalifu wa vita na uhalifu dhidi ya binadamu. Tume ya ukweli na maridhiano iliundwa wakati wa serikali ya mpito iliyoanza 2003, na ikamaliza muda wake bila kufungua mafaili makubwa. Anayeulizwa kusamehe bila kwanza kusikilizwa anajua tofauti kati ya amani na ukimya. Hata sasa, katika miji ambayo mamlaka imebadilika mkono, jirani anamtazama jirani na kujiuliza: yule alibaki kwa sababu gani? Aliuza nini? Mara nyingi jibu ni dogo: alikuwa na mama mgonjwa, au hakuwa na nauli. Kipindi kile cha Gaeta kinafaa kutazamwa na kila anayetaka kuhukumu haraka.

La tano linaonekana dogo, lakini linasema mengi. Waandishi waliamua kwamba Tyrol ni Cylon. Walikuwa wamesahau kwamba alikuwa na mtoto na Cally, na kwamba hadithi nzima ilijengwa juu ya msichana mmoja, Hera, kuwa mtoto pekee wa damu mbili. Namna gani walirekebisha? Walisema mtoto si wa Tyrol, kwamba Cally alimpata na rubani mwingine. Wakati huo Cally alikuwa amekwisha kuuawa katika hadithi. Hivyo kosa la waandishi likawekwa mgongoni mwa mwanamke marehemu asiyeweza kujibu. Yule yule aliyetishiwa risasi wakati wa mgomo, akafa kwa siri, sasa anaharibiwa na jina. Akina mama wengi hawatashangaa. Mambo yanapoharibika na wakubwa hawana jibu, wa kulaumiwa anatafutwa kati ya wale wasio na sauti.

Haki inadai kusema pia sababu nyingine. Mgomo wa waandishi wa Marekani, kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, ulikata kazi ya msimu wa mwisho katikati, na watengenezaji hawakuwa na hakika kama wataendelea. Kuna mashimo yaliyotokana na hilo, na na haraka ya televisheni kwa ujumla. Lakini haraka haielezi kwa nini shimo linachimbwa upande ule ule kila mara. Makomanda wanapata maelezo, hata ya kulazimisha. Wa chini wanapata kusahauliwa.

Na mwisho wa hadithi unaonyesha hayo yote kwa pamoja. Msafara unafika kwenye dunia yetu, miaka 150,000 iliyopita, barani Afrika. Watu waliobaki, chini ya 40,000, wanaambiwa wazo la Lee: kuachana na kila kitu, kutawanyika porini na vitu vichache, na kuzirusha meli zote ndani ya jua. Hakuna kura inayoonyeshwa. Mtu mmoja anasema anashangaa namna wote walivyokubali upesi, anajibiwa kwa sentensi moja juu ya hamu ya kuanza upya, basi.

Hawa ndio watu ambao miaka michache nyuma walimchagua Baltar kwa kura, kinyume cha mapenzi ya Roslin, kwa sababu waliitaka nyumba. Ndio waliofanya maasi muda mfupi kabla, kwa sababu waliamuliwa bila kuulizwa juu ya kuungana na Cylon. Ghafla wanakubali kuishi bila dawa, bila chombo cha kusafisha maji, bila hospitali kwa mjamzito? Mtu yeyote aliyewahi kulala msituni na watoto angewaambia waandishi. Mhami hatupi sufuria yake. Amelibeba kilomita 60. Wazo la kwamba kuacha vyote ni uhuru linamjia mtu ambaye hajawahi kunyang'anywa vyote.

Kisha kuna wenyeji. Filamu inaonyesha watu waliokuwa tayari wanaishi Afrika, kwa mbali, kwa darubini, na wakubwa wanasema kwamba hawana lugha na kwamba wageni watawapa. Filamu iliyojitahidi miaka yote kupinga dharau inamalizia kwa hadithi ya kale kabisa: Afrika kimya, inangoja wageni waiongeleshe. Mwishoni inasemwa kwamba mifupa ya Hera imepatikana Tanzania na kwamba yeye ndiye "Eva wa mitokondria", mama ambaye wanadamu wote wanatoka kwake.

Hapo hata sayansi inapotoshwa. Jina hilo lilienea baada ya utafiti wa mwaka 1987 juu ya sehemu ya urithi inayopitishwa na mama peke yake. Ni hesabu inayotoka katika miili ya watu walio hai leo. Haimaanishi kwamba alikuwa mwanamke pekee wa wakati wake, na hakuna mfupa unaoweza kutajwa kuwa ni wake. Waliohitaji mfano wa Afrika ya kale wangetafuta si mbali: Katanda, kando ya mto Semliki, katika Kivu Kaskazini, wachimbaji wa mambo ya kale walipata ncha za mifupa zenye meno, za kuvulia samaki, zinazokadiriwa kuwa na miaka karibu 90,000. Karibu na hapo, Ishango, ulipatikana mwaka 1950 mfupa wenye alama zilizokatwa kwa mpangilio, wa miaka karibu 20,000, ambao wataalamu wengi wanauona kama chombo cha hesabu. Sasa uko Brussels. Watu wa Semliki walivua, walichonga, walihesabu. Hakuna aliyewashukia na meli kuwafundisha.

Je, filamu isitazamwe basi? Itazamwe, na watu wazima wakae na vijana wakiitazama. Ina vipindi ambavyo vinafungua mazungumzo ambayo nyumba nyingi zinayaogopa: juu ya jirani aliyebaki, juu ya mtoto aliyechukuliwa, juu ya kusamehe. Lakini itazamwe kwa maswali matatu. Nani amehesabiwa na nani amekosa kwenye ubao? Nani aliulizwa kabla uamuzi haujatolewa? Na mambo yalipoharibika, lawama iliwekwa mgongoni mwa nani?

Maswali hayo hayaishi pamoja na filamu. Yanafaa siku kiongozi anapokuja kambini kusema kwamba kurudi kijijini kumepangwa. Yanafaa siku mapatano mapya yanaposomwa redioni na majina ya raia hayamo. Hadithi nzuri inaweza kuvumilia mashimo kadhaa, kwa sababu ni hadithi. Familia inayorudishwa kwenye shamba lenye mabomu, kwa mpango ambao hakuna aliyeuandika, haina msimu mwingine wa kurekebisha.